Mguu wa Kuku Chini ya Benchi

Mimi sikwenda baharini kupumzika. Waliokwenda kupumzika ni binti yangu na watoto wake, na wifi yangu, ambaye kupumzika ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Mimi nilikwenda kwa shughuli yangu, na shughuli hiyo sikumwambia mtu.

Binti yangu alipoleta habari ya likizo alinionyesha picha kwenye simu: vitanda chini ya miavuli, watu wamelala kifudifudi kama nguo zilizoanikwa. Nikamwambia, "Mchanga nimeuona. Mimi nipeleke kwenye feri."

"Feri ipi, mama?"

"Zote."

Akacheka, akadhani utoto umenirudia. Kumbe ipo tiketi ya kutwa. Unapanda asubuhi, unapelekwa visiwa vinne, unashuka unapotaka, unadaka feri inayofuata, na jioni haijaingia umesharudishwa. Akatukatia mbili, yangu na ya shangazi yake. "Shangazi atakuangalia," akasema. Nani amwangalie nani, hilo aliliacha hewani.

Sasa nieleze shughuli yenyewe. Kwa miaka ishirini na sita nilishona majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya chungwa yanayokaa chini ya mabenchi ya feri na kila abiria anaomba yasije yakatolewa. Niliyashona bila kuiona bahari hata siku moja. Ukumbi wetu ulikuwa mbali na maji, nyuma ya kiwanda cha magodoro: cherehani kumi na nane katika safu mbili, bati juu, madirisha upande mmoja tu, na mwisho wa ukumbi kijumba cha vioo alimokaa msimamizi, mdomo unafunguka na kufumba bila sauti kama samaki. Kila mshonaji aliweka alama yake ndani ya kola, ili kazi mbovu ijulikane ni ya nani. Wenzangu karibu wote waliandika majina kwa kalamu isiyofutika. Mimi jina langu wakati huo nililijua kwa kuitwa, sio kwa kuandika. Herufi nimezipata ukubwani, na hata leo nikiziandika zinakwenda upande kama kaa. Basi nikajiwekea mishono mitatu ya uzi mwekundu, imekutana chini, imepanuka juu. Wakaiita mguu wa kuku. Waite tu. Hakuna mguu wa kuku uliowahi kurudishwa mezani, na wenye majina mazuri walirudishiwa mpaka wakazoea.

Cherehani ya jirani yangu ilikuwa ya Mashoto. Wote tulimwita hivyo, maana kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Mkanda wa jaketi unashonwa kisanduku chenye mistari miwili inayokatana ndani. Sisi wengine tulianza kona ya juu, kulia. Yeye alianza chini, kushoto, akazunguka kinyume na watu, akafunga palepale alipoanzia kwa kurudi mara tatu. Msimamizi alijaribu kumgeuza mwaka mzima, akachoka yeye. Mashoto habishani na mtu. Anakuitikia "sawa", kisha anafanya lake. Mimi nikikataa jambo, mtaa wa pili wanapata habari. Yeye akikataa, wewe uliyekataliwa unaondoka ukishukuru.

Kaka yake alikuwa akimletea chakula cha mchana kwenye bakuli lenye mfuniko uliobonyea. Siku moja bakuli akaliweka kwenye meza yangu. Nikamwambia, "Umekosea, kaka." Mashoto bila kuinua macho kwenye sindano akasema, "Hakukosea huyo." Ndivyo nilivyopata mume, na ndivyo Mashoto alivyokuwa wifi yangu.

Mume wangu alikuwa mpaka rangi wa majumba. Tulikaa naye vizuri kadiri mtu anavyoweza kukaa na mimi. Akashikwa na homa siku nne, ya tano hayupo. Sikukaa nyumbani. Baada ya wiki nilirudi kwenye cherehani yangu. Msimamizi akatoka kwenye vioo vyake, akaniambia taratibu, "Mama, nenda kapumzike. Mikono haijatulia." Ule utaratibu wake ndio ulioniudhi. Nikamjibu ukumbi mzima ukisikia: "Mikono yangu usiisemee. Siku utakaporudishiwa mguu wa kuku, nitatoka mwenyewe kwa mlango ule."

Tulikuwa na utaratibu mmoja pale. Uzi wa kushonea mikanda ni wa nailoni, uzi wa kushonea mifuko ya kuhifadhia majaketi ni wa pamba, na zote mbili zililetwa kwa rangi moja, ya chungwa. Kwa jicho hutofautishi. Basi kabla ya kufunga uzi mpya unawasha kiberiti, unagusisha ncha. Nailoni inayeyuka, inaacha kitone kigumu kama punje ya mtama. Pamba inawaka, inaacha jivu. Na pamba ikikaa kwenye hewa ya chumvi inaoza. Mkanda ulioshonwa kwa pamba utaufunga kifuani vizuri kabisa, na siku ya kuuhitaji, maji yakikuvuta kidogo tu, jaketi linakwenda njia yake na wewe yako.

Mimi kiberiti nilikuwa nimeacha kukitumia. Nilisema mkono wangu unaujua uzi. Wiki ile mkono haukujua. Ijumaa alasiri, ukumbi ukifagiliwa, nilijikuta nimeshika kiberiti, sijui nani alinituma, nikagusa ncha. Jivu. Majaketi kumi na matatu, yote yameshakwenda chumba cha mizigo, na Jumatatu asubuhi gari linayachukua. Mdomo nilikuwa nao, na mlango wa kioo ulikuwa hatua ishirini. Sikwenda.

Mikanda ya wiki ile ilikuwa na ukingo wa buluu. Haikuletwa ya namna ile kabla wala baada. Kwa hiyo majaketi yangu nitayajua popote: mguu wa kuku kwenye kola, ukingo wa buluu kwenye mkanda. Miaka kumi na mmoja, redio ikianza habari za baharini mimi naizima. Wajukuu wanadhani namchukia mtangazaji.

Tena kuna hili. Jumamosi ile, siku ambayo ukumbi ulikuwa haufunguliwi, Mashoto alikwenda kazini peke yake. Nilimwona akipita nje na mkoba wake. Kaka yake hajamaliza nusu mwezi ardhini, yeye anakwenda kujipendekeza kwa msimamizi! Ndivyo nilivyoona mimi. Jumatatu nikahamisha cherehani yangu, nikaipeleka dirishani. Akasema, "Sawa, wifi." Tuliendelea kusalimiana, kutembeleana, kuuguzana. Lakini chai yangu niliinywa dirishani mpaka tulipostaafu.

Basi ndiyo hiyo shughuli niliyopanda nayo feri. Nilikuwa nimeshayapanga na maneno. Nikilikuta hata moja, nitalibeba mpaka kwa nahodha, nitasema: "Hili nililishona mimi, na halifai." Maneno yenyewe hayafiki hata kumi. Nilikuwa nayarudia moyoni tangu kwenye basi.

Feri ya kwanza ilikuwa mpya, nyeupe, inanuka rangi. Asubuhi ile bahari ilikuwa imelala chali. Tulipoondoka gatini ilikuwa kama kitambaa kinachopita chini ya sindano: kinakwenda, kinakwenda, wala huoni mwisho wa jora. Injini ilinguruma kwa sauti ileile ya ukumbi wetu cherehani zote zikiwashwa, na mimi nikifumba macho nilikuwa huko, nikiona hata vumbi la sponji likielea kwenye mwanga. Mashoto alivua viatu, akaegemea, akalala kabla nchi kavu haijapotea.

Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya benchi.

"Umeangusha nini, wifi?" Macho amefumba.

"Sindano."

"Umepanda feri na sindano?"

"Lala wewe."

Majaketi yalikuwa mageni, ya vifungo vya plastiki, hayajui mkono wa mtu. Nikasimama nikijipangusa, nikamkuta baharia kijana mbele ya abiria akionyesha namna ya kuvaa. Alifunga mkanda wa chini kwanza.

"Baba," nikamwambia, "ukifunga hivyo litakupanda masikioni."

"Bibi, mimi nimefunzwa."

"Na mimi ndiye ninayeshona."

Abiria wakacheka. Akafungua, akaanza juu. Wifi yangu akasema usingizini, au ndivyo alivyotaka nidhani, "Mwache mtoto wa watu afanye kazi."

Kisiwa cha kwanza kilikuwa na mtaa mmoja, kuta nyeupe, milango ya kijani. Tulikwenda mpaka mwisho wake, tukarudi. Kinyozi alikuwa amekaa mlangoni akimnyoa mwenzake kinyozi. Mwanamke alimwagia maji ngazi za nyumba yake, na maji yalikauka kabla hajafika ngazi ya chini. Sikuona mtu mwenye haraka. Nilihisi kama nimeingia ndani ya alasiri ya mtu mwingine, nikatembea kwa adabu nisimwamshe.

Feri ya pili ilikuwa ya zamani kidogo, mabenchi ya mbao. Nikachungulia: kazi ya ukumbi wetu! Nilivuta moja baada ya jingine. Kwenye kola majina ya wenzangu, wino umegeuka rangi ya chai. Wakati ule nilikuwa siwezi kuyasoma. Sasa niliyasoma, herufi kwa herufi, kidole chini yake. Yule mnene aliyekuwa akiimba. Yule aliyeolewa akahama. Mmoja tuliyemzika. Wote wako pale, wamepangwa chini ya watu wanaokula karanga. Kulikuwa na la Mashoto pia, lenye alama yake, duara dogo. Mguu wa kuku haukuwepo. Nilipiga magoti mpaka yakaniuma, nikiwa sijui nashukuru au nasikitika.

"Sindano haijapatikana?" akauliza wifi nilipokaa.

"Haijapatikana."

"Kubwa?"

"Kiasi."

"Huenda mtu alishaiokota," akasema, akageukia upande wa pili. Sikulitilia maanani.

Kisiwa cha pili hatukushuka. Cha tatu kilikuwa mchanga mtupu na nyumba moja ya kuuzia maji baridi. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wake, miguu juani. Maji yalikuwa yamekimbia mbali, yameacha uwanja mzima unaong'aa, na watu waliotembea kule walionekana hawana miguu. Mashoto alinitazama nikitazama. "Wifi," akasema, "wewe tangu asubuhi unatazama vitu kama mtu aliyeitwa shaurini." Nikamwambia jua limemwingia kichwani.

Feri ya tatu ilikuja adhuhuri, imechakaa, ubavu una kutu, abiria saba tu. Nikachagua kiti cha dirishani, Mashoto akakaa mbele yangu. Sikungoja hata iondoke. Nikaingiza mkono chini ya benchi, na kabla sijaona, kidole kilishajua. Mishono mitatu. Nikalivuta. Rangi ya chungwa imepauka kama papai lililokaa juani. Mguu wa kuku kwenye kola. Na kwenye mkanda, ukingo wa buluu.

Nilikaa nalo mapajani sijui kwa muda gani. Feri iliondoka. Kisiwa kikawa kamba nyembamba, kikayeyuka. Nilikuwa naona siku ile yote, ufagio, kiberiti, jivu kwenye kidole. Kisha nikajiambia, ulikuja kwa hili, simama. Nikaushika mkanda kwa mikono miwili, nikaweka mguu juu ya jaketi, nikavuta kwa nguvu zangu zote ili ukatike, angalau nimpelekee nahodha ushahidi.

Haukukatika.

Nikavuta tena mpaka mgongo ukalia. Mshono umetulia tu, unanitazama. Pamba ya miaka kumi na mmoja, kwenye chumvi! Nikauleta karibu na macho, lakini macho yangu na nyuzi walishaachana zamani. Nikaenda kwenye kidirisha cha mama muuza chai.

"Mwanangu, nisaidie kiberiti."

"Unavuta sigara, bibi?"

"Navuta uzi."

Akanipa akinitazama. Nikatoka mpaka ukingoni, nikang'ata kipande cha uzi kwenye mwisho wa mshono, nikawasha. Upepo ukazima. Nikawasha njiti ya pili, nikaikinga kwa tumbo. Baharia mmoja akatokea mbio.

"Bibi! Bibi! Humu moto hauruhusiwi! Tena unachoma jaketi?"

"Sichomi, napima."

"Unapima nini?"

"Nyamaza kidogo, baba, utanizimia."

Akanyamaza, maskini, mikono ameinyoosha kama anayemdaka kuku. Uzi ukagusa moto, ukajikunja, ukayeyuka. Nikapuliza, nikaufinya kati ya vidole. Kitone. Kigumu, kiduara, punje ya mtama.

Nailoni.

Baharia akaninyang'anya kiberiti, nikamwachia. Kwenye jua pale nje niliutazama mshono upya, na sasa niliona kwa kuwa nilijua cha kuangalia. Haukuanzia juu, kulia. Umeanzia chini, kushoto, umezunguka kinyume na watu, umefungwa palepale ulipoanzia kwa kurudi mara tatu. Kando yake kulikuwa na matundu madogo, safu nzima, ya sindano ya kwanza. Yangu. Uzi wangu ulitolewa wote, mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa. Kuufumua mshono vile ni kazi kuliko kuushona.

Nilirudi ndani. Nikapekua mabenchi mengine, nikapata matatu zaidi. Yote hivyohivyo. Nikalibeba lile la kwanza, nikaliweka mapajani mwa Mashoto. Akafungua jicho moja.

"Hili zuri," akasema. "Kazi ya nani?"

"Mashoto." Tangu tuwe mawifi sikuwahi kumwita hivyo. "Jumamosi ile."

"Jumamosi ziko nyingi."

"Usinichezee!"

Akafungua na jicho la pili. Akaupapasa mkanda kwa kidole gumba cha kushoto, kama anayemwangalia mtoto joto.

"Nilisikia harufu," akasema. "Ile Ijumaa. Nailoni ikiungua inanuka ndoo ya plastiki. Pamba inanuka karatasi. Meza yako ilinuka karatasi, wifi."

"Na ukanyamaza."

"Nilikungoja. Nikakuona unautazama mlango wa kioo. Nikafungafunga vitu vyangu polepole. Nikafunga tena. Mwisho wewe ukachukua mkoba, ukatoka."

"Ukaingiaje Jumamosi?"

"Nilimwambia mlinzi nimesahau miwani."

"Hukuwa na miwani."

"Ndiyo maana alinihurumia."

"Yote kumi na matatu?"

"Kumi na mawili. Uzi uliniishia."

"Wifi!"

"Natania." Akaanza kucheka, mabega tu, bila sauti. "Yote. Hebu ungejiona uso."

Nilitaka kumpiga na lile jaketi. Nikakaa. "Miaka yote hii hukuniambia."

"Jumatatu ulihamia dirishani. Nikasema, ameshajua, ameona haya. Sasa mtu ameona haya, nimfuate na kiti nikamwongezee?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, yakaisha kwa heshima yangu. Mwenyewe sijui kwa nini nilisema. "Sikuhama kwa haya. Nilihama kwa hasira. Nilidhani umekwenda kujipendekeza kwa msimamizi."

Aligeuka akanitazama. Nyuma yake bahari ilikuwa nyeupe tupu, haina mstari kati yake na mbingu.

"Kwa yule?" akasema. "Yule wa nywele za puani?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka mama wa chai akatoa kichwa dirishani. Mashoto akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kaka yangu alikuwa amekufa," akasema. "Nyumbani sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu. Wewe ulikuwa umeniachia kazi nzuri."

Kuna neno la kumwambia mtu hapo, nalijua, na hata kuliandika najua. Nilifungua mdomo, likakaa palepale linapokaaga. Nikainuka. Nikaliacha dirisha langu, nikaenda kukaa benchi lake, ubavu kwa ubavu, kama tulivyokuwa tukikaa.

"Huku hakuna upepo, wifi," akasema.

"Upepo nimeuchoka."

"Sawa," akasema, akaniwekea kichwa begani, akalala.

Lile jaketi tulijifunika nalo magoti. Injini ikashona, ikashona. Sijui kama nami nililala. Najua nilimwona mume wangu akipita kati ya mabenchi na bakuli lake lenye mfuniko uliobonyea, asijue aliweke wapi, mwisho akaliweka katikati yetu.

Kisha feri ikatulia, na baharia akasimama mbele yangu.

"Bibi, hiki ndicho kisiwa cha nne. Cha mwisho, na ndicho kizuri kuliko vyote. Hamshuki?"

Bega lilikuwa limekufa ganzi mpaka vidoleni.

"Kizuri kikae," nikamwambia. "Na punguza sauti."

Alasiri binti yangu alitupokea gatini, watoto wamejaa mchanga. Akauliza visiwa vilikuwaje. Shangazi yake akamhesabia kinyozi, mchanga, maji yaliyokimbia.

"Na cha nne?"

"Hapo nilikuwa nimelala," akasema Mashoto. "Muulize mama yako, yeye ndiye aliyekiona."

"Kizuri," nikasema. "Nishikie mkoba, mkono huu haunisikii."